Sura ya Sita: Nikituma Hela, Mzigo Utanifikia?

Ukizungumza na watu wa Katesh, Dongobesh au Haydom kuhusu kununua vitu vinavyotangazwa kwenye runinga, bei haiwi swali la kwanza. Wanauliza: "Nikituma hela, mzigo utanifikia kweli?" Kabla hujajibu, la pili limeshafuata: "Na ukifika mbovu, nitamshika nani?"

Wanaouliza hivyo wanaijua simu vizuri. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo mkulima wa Basotu hupokea malipo ya mazao, hutuma ada ya shule na hununua umeme wa LUKU bila kutoka shambani. Lakini mkulima huyo huyo ameshapokea ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, wa mtu asiyemfahamu akimwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Anajua jinsi pesa inavyoweza kuondoka kwa sekunde chache na kutorudi. Shaka yake ina msingi, na chaneli inayotaka kumuuzia kitu inapaswa kuanza na shaka hiyo kabla ya kutaja punguzo la bei.

Ninaposema chaneli ya mauzo nina maana ya chaneli, au kipindi ndani ya chaneli, ambacho kazi yake ni kuonyesha bidhaa, kuieleza, kutaja bei na kutoa namba ya kuagizia. Sura hii inaangalia jinsi huduma hiyo inavyoweza kumfaa mteja wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Nimezichagua wilaya hizi kwa sababu huduma ikiweza kusimama Yaeda Chini na Basotu, kuisimamisha Kariakoo hakutakuwa na shida.

Picha hufika kabla ya mzigo

Biashara hii ilianzia redioni. Mwaka 1977, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida nchini Marekani, kituo kimoja kidogo cha redio kilikuwa kinamdai mfanyabiashara aliyeshindwa kulipia matangazo yake. Akatoa bidhaa badala ya fedha: vifungua-makopo vya umeme 112. Mwenye kituo, Lowell Paxson, akamwambia mtangazaji wake Bob Circosta avinadi hewani kwa dola 9.95 kimoja, vikaisha. Mwaka 1982 wazo hilo likahamia kwenye televisheni, na baadaye likawa kampuni kubwa ya Home Shopping Network. Mwaka 1986 Joseph Segel alianzisha mshindani wake, QVC, huko Pennsylvania. QVC ilimpa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu asichoridhika nacho.

Naona watu wengi wanaoiga biashara hii wanaisahau sehemu hiyo ya mwisho. Wanaiga mtangazaji mchangamfu, saa inayohesabu kurudi nyuma na maneno ya "zimebaki chache", lakini haki ya kurudisha wanaiacha hukohuko Marekani.

Kwetu runinga ilianza Zanzibar mwaka 1973. Bara ilipata vituo vya binafsi mwaka 1994, na televisheni ya taifa mwaka 2000. Kisha vikaja ving'amuzi, madishi na sola, na leo nyumba iliyo chini ya Mlima Hanang huona tangazo sekunde ileile linapoonekana Sinza, Dar es Salaam. Picha haisafiri kwa basi, ila bidhaa, tuseme blenda, inasafiri kwa basi. Inatoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na ile barabara ya lami ya kilomita 251 hadi Babati iliyozinduliwa mwaka 2018, inashuka Katesh, na kutoka hapo bado kuna bodaboda na barabara ya udongo. Matatizo karibu yote ya mteja yanazaliwa kati ya picha na stendi.

Mtu hununuaje mnadani?

Kabla ya runinga kulikuwa na mnada, na mnada bado upo. Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu na wafanyabiashara wa Babati na Singida hukutana hapo, ng'ombe upande mmoja, nguo na vyombo upande mwingine. Tazama mtu anavyonunua. Anayetaka dume humfungua mdomo akaangalia meno, kisha humtembeza aone kama anachechemea. Anayenunua kitunguu saumu cha Mbulu hukibana kwa vidole ajue kama kimekauka. Mama anayetaka shuka hulikunjua lote na kulinyanyua kwenye jua aone nyuzi zilivyoachana. Tochi huwekewa betri ikawashwa palepale. Fedha hutoka baada ya hayo yote, na muuzaji aliyekudanganya leo utamkuta mnada ujao, mahali palepale, mbele ya watu wanaokujua.

Kwa hiyo mnunuzi wa mnadani ana kinga tatu: anaona, anajaribu, na anamjua muuzaji. Runinga humpa ya kwanza tu, tena nusunusu, kwa sababu kamera na taa huchagua cha kuonyesha. Mbili zilizobaki chaneli inapaswa kuzirudisha kwa makusudi, na hapo ndipo huduma bora inapoanzia.

Sheria zetu ziko upande wa mnada. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Inasema pia kwamba mnunuzi ambaye hakukikagua kitu kabla hahesabiwi kuwa amekipokea rasmi mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza madai ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo ina sehemu ya kumlinda mlaji, yaani mtu anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe. Mama wa Gendabi anayetaka kuiona blenda ikizunguka kabla hajailipia haombi fadhila ya mtu.

*Kwa kifupi:* mteja wa Mbulu na Hanang ana utaratibu wake wa kununua, ni mzuri, na sheria inaukubali. Chaneli iufuate.

Bei hiyo ni ya wapi?

Tuseme skrini inaonyesha pasi ya umeme kwa Sh 60,000. Mteja wa Dongobesh anapiga simu, anaambiwa kuna gharama ya kutuma Sh 10,000. Anatuma. Mzigo ukishuka anaambiwa kuna ushuru wa ofisi ya basi Sh 3,000, kisha bodaboda hadi kijijini Sh 7,000. Pasi imefika Sh 80,000, bila kuhesabu makato ya simu. Kwa bei hiyo pengine angeipata dukani Mbulu mjini na akaijaribu kwenye soketi ya mwenye duka.

Hakuna aliyemwibia, lakini amejiona ameibiwa, na kwa biashara ya runinga hilo ni baya vilevile, kwa sababu atawasimulia majirani wote. Dawa yake ni rahisi: chaneli itangaze bei ya kufika. Mtangazaji aseme, "Pasi hii ni Sh 60,000 ukiwa Dar, Sh 72,000 ukiichukua Katesh, Sh 75,000 ukiichukua Haydom," na zisiongezeke tena. Atamke kwa sauti, arudie, kwa sababu wazee wengi hawasomi maandishi madogo yanayokimbia chini ya skrini. Jina la kampuni litajwe pia kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na liwe ndilo linalojitokeza kwenye simu mteja anapoingiza Lipa Namba kabla ya namba ya siri. Jina la mtu binafsi likitokea pale, mteja anakatisha muamala, na anafanya vyema.

Umeme wako ni upi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitu vingi vinavyolaumiwa kuwa ni vibovu havina ubovu wowote. Vilifika kwenye nyumba isiyo na umeme wake.

Wati ni kipimo cha kasi ambayo chombo hutumia umeme. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kinakula uniti moja ya LUKU. Sasa chukua nyumba ya Yaeda Chini yenye paneli ya sola ya wati 50. Jua likiwaka vizuri kwa saa tano, paneli hiyo hutoa takriban robo ya uniti kwa siku, na sehemu yake hupotea kwenye betri na nyaya. Runinga ndogo ya sola ya wati 20 ikiwashwa saa nne, na taa tatu za wati tano kwa muda huohuo, zimeshakula zaidi ya nusu. Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja ingehitaji mavuno ya jua ya siku nne au zaidi, na betri ndogo ya nyumba hiyo haiwezi hata kuiwasha.

Runinga hiyohiyo ya sola ndiyo iliyomwonyesha mwenye nyumba tangazo la pasi. Chaneli inajua, au inapaswa kujua, kwamba watazamaji wake wengi vijijini wako kwenye sola. Kwa hiyo mpokea simu, kabla ya kuuliza jina na mahali, aulize swali moja: "Nyumbani mnatumia umeme wa gridi au sola?" Akijibiwa sola, na chombo kinataka umeme wa gridi, amwambie mteja ukweli kwamba kitu hicho hakitamfaa, hata kama mauzo yatapotea. Katika wilaya ambazo habari husafiri kwa mdomo, mtu mmoja aliyeambiwa "usinunue, hakitakufaa" huleta wateja wengi kuliko tangazo la mwezi mzima.

Hata wenye gridi wana tatizo lao, kwani umeme wa vijijini hupanda na kushuka. Friji au runinga kubwa iuzwe pamoja na kilinda-umeme, yaani kile kifaa kinachokata umeme unapozidi, na bei yake iwe ndani ya bei iliyotajwa.

Boksi lifunguliwe wapi?

Nenda kwenye ofisi yoyote ya mizigo stendi uangalie. Boksi limefungwa kwa utepe wa gundi wa rangi ya kahawia, mizunguko mitatu minne, jina la mpokeaji na namba ya simu kwa kalamu nene. Mpokeaji anaonyesha ujumbe wa simu, anatia sahihi daftari, anabeba. Analifungua nyumbani, kilomita 20 kutoka hapo. Jagi la blenda lina ufa kuanzia kwenye mshikio hadi chini. Anapiga simu Dar. Anaambiwa, "Mama, lilitoka kwetu likiwa zima." Anaiuliza ofisi ya basi. Anaambiwa, "Sisi tulipokea boksi, ndani hatujui." Wote wawili huenda wanasema kweli, na mama amebaki na ufa.

Boksi linapaswa kufunguliwa kwenye meza ya wakala. Wakala ni mtu wa mji huohuo mwenye duka linalojulikana, ambaye chaneli inamlipa kamisheni, yaani sehemu ndogo ya bei kwa kila mzigo. Wakala mmoja Katesh, mmoja Mbulu mjini, mmoja Dongobesh, mmoja Haydom na mmoja Basotu wangetosha kuanzia. Kazi yake iwe hii:

- kupokea boksi na kulifungua mbele ya mteja;
- kuchomeka chombo kwenye soketi na kukiwasha, au kupima nguo na kiatu mwilini;
- kumpa mteja risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo;
- kikiwa kibovu, kukirudisha Dar kwa gharama ya muuzaji na kumrudishia mteja fedha kwa simu siku hiyohiyo.

Malipo nayo yagawanywe. Mteja alipe kwanza kiasi kidogo cha kugharamia safari ya mzigo, ili watu wasiagize kwa utani, na salio alilipe mezani baada ya kujaribu. Wenye chaneli wataogopa. Watasema wateja watakataa mizigo. Baadhi watakataa, ndiyo, na kila mzigo uliokataliwa utawaambia wauzaji kitu gani kimetangazwa kwa chumvi nyingi mno. Bidhaa ambayo watu wengi wanaikataa mezani ina haki gani ya kurudi hewani kesho?

Nani atalipa gharama ya safari hizi?

Swali hili ni la haki, na majirani zetu wamelijibu kwa machozi. Nchini Kenya kampuni ya Copia ilianza mwaka 2013 kwa wazo zuri sana: mtu wa kijijini anaagiza kupitia wakala mwenye duka, mzigo unamfikia wakala. Watu waliiamini, hata wasio na simu ya kisasa. Ilipanuka hadi Uganda, ikaondoka huko mwaka 2023, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa fedha. Hapa Tanzania Jumia ilifunga shughuli zake Novemba 2019. Naheshimu kilichojaribiwa. Wateja wa vijijini wapo na mawakala wanaaminika, lakini kupeleka kitu kimoja kimoja mbali, kila siku, kunaweza kula faida yote.

Hapa mnada unasaidia tena. Siku ya mnada watu wanashuka mjini hata hivyo. Aliyeuza mbuzi ana fedha mkononi, aliyekuja na pikipiki au lori ana nafasi ya kubebea kitu, na wakala yuko dukani tangu asubuhi. Chaneli ikusanye oda za wilaya nzima, izipakie pamoja, na izifikishe kabla ya mnada. Mteja aambiwe wazi tangu anapoagiza: "Mzigo wako utakuwa Katesh mnada ujao." Atasubiri bila kinyongo. Kinachomchosha mtu ni kuahidiwa siku mbili akangoja kumi.

Na njia ikikatika, apigiwe simu kabla hajapiga yeye. Desemba 3, 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya msiba wa aina ile familia haipaswi kukimbizana na muuzaji kuhusu salio la runinga. Chaneli yenye utu iwe na utaratibu ulioandikwa: janga likitokea, oda zote za eneo hilo zinasimama, na anayetaka fedha yake anarudishiwa bila maswali.

*Kwa kifupi:* mawakala wachache, mizigo iliyokusanywa, siku ya mnada. Gharama inashuka na ahadi inatimizwa.

Fedha zina msimu wake

Matangazo hutungwa na watu wanaolipwa kila mwisho wa mwezi. Mwalimu wa Endasak yuko hivyo, lakini jirani yake hayuko hivyo. Mkulima wa mahindi, maharage au ngano hupata fedha baada ya mavuno, na mfugaji huipata anapouza mfugo. "Ofa ya leo tu" haiwafai watu hawa, na mara nyingi huwasukuma kukopa.

Kinachowafaa ni kudunduliza, yaani kulipa kidogo kidogo mpaka bei itimie, ndipo kitu kichukuliwe. Maduka mengi ya mitaani yanafanya hivyo kwa daftari. Chaneli ifanye kwa simu: mteja anapewa namba ya oda, anaweka Sh 5,000 au Sh 20,000 anapopata, kila mara anapokea ujumbe wa kiasi alichofikisha, na bei haibadiliki kwa miezi sita. Akibadili nia, anarudishiwa. Fedha hizo zikae kwenye akaunti ya pekee isiyotumika kuendesha ofisi, ili kampuni ikianguka, vijisenti vya watu visianguke nayo.

Baada ya miezi mitatu

Chombo kizuri nacho huharibika. Kisu cha blenda huisha makali, waya wa pasi hukatika pale unapokunjwa. Ndipo mteja anapogundua kwamba spea, yaani kipuri cha kubadilishia, hakipatikani Manyara nzima. Sharti langu kwa chaneli ni gumu lakini la lazima: isitangaze chombo ambacho spea zake kuu hazipo kwa wakala wa Katesh na wa Mbulu. Mafundi wa miji hiyo wanatengeneza redio, simu na sola kila siku. Wapewe mchoro wa chombo, na walipwe na kampuni kwa kila kazi iliyo ndani ya dhamana.

Dawa za kupunguza unene, chai za kusafisha damu na mikanda inayodaiwa kuponya magoti sitazieleza kwa kirefu. Kisichosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kisiuzwe kama tiba. Haydom ina hospitali kubwa ya Kilutheri tangu mwaka 1955. Mtu mwenye goti linalovimba apelekwe huko.

Chaneli ianzie wapi?

Kama ningeulizwa na mwenye chaneli, ningemshauri aache kwanza bidhaa 200 za katalogi. Achukue nne tu: blanketi zito, kwa sababu Juni na Julai nyanda za juu za Mbulu ni baridi ya kuuma, taa ya sola yenye chaji ya simu, sufuria za seti, na mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Aziuze katika miji miwili, Katesh na Haydom, kuanzia mavuno hadi mvua za kwanza. Aweke kwenye meza ya kila wakala daftari la safu tatu: kilichochukuliwa, kilichokataliwa, na sababu ya kukataliwa kwa maneno ya mteja mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi mtangazaji asome hewani safu ya tatu, ataje kilichorekebishwa, na ataje bidhaa iliyoondolewa. Na ili mteja asiporidhika na jibu la wakala ajue pa kwenda, namba za FCC zibandikwe ukutani, juu ya ile soketi ya kujaribia.